Mwenyekiti wa Jerusalem

Jumapili iliyopita mchungaji alisoma kile kisa cha mfalme
aliyesikia, akaghadhibika,
na baada ya neno hilo, baba, hakuna kitu.
Nukta. Mstari unaofuata una habari nyingine.
Nilikugeukia. Ulikuwa ukitafuta miwani mfukoni
na miwani ilikuwa usoni.

Sisi tunaijua ile nukta.
Tumelala ndani yake miaka kumi na mmoja.

Ulikuwa mwenyekiti wa mtaa,
na wa mtaa gani kama si Jerusalem;
watu wa Ofafa wakakutania: mfalme huyo, anakwenda kununua sukari.
Kijana wa Mama Perusi alipoiba balbu ya ngazini
ulimzibulisha mitaro mwezi mzima, kwa mikono,
wewe umesimama juu yake na daftari lako
ukiandika tarehe.
Tulijivuna. Haki ilikaa kwetu, chumba cha mbele,
ikinywa chai.

Kisha Yothamu akajilaza, akasema ana malaria.
Akataka chapati, na apikiwe na Nasambu,
si mwingine, na aletewe kitandani.
Wewe ndiye uliyemtuma, baba. "Mpelekee kaka yako."
Unga ulikuwa bado vidoleni mwake aliporudi.
Joho lake la kwaya, lile la mikono mirefu,
alikuwa amelipasua mwenyewe toka shingoni,
akaketi ngazini
akichota majivu ya jiko kwa kiganja
kana kwamba anapima chumvi.

Ulikasirika. Hilo hatukunyimi.
Hasira yako tuliihesabu asubuhi kwa ufagio:
vikombe vitatu, kioo cha redio, bawaba ya mlango wa stoo.
Majirani wa juu walifunga madirisha.
Ulipiga ukuta ngumi hata kalenda ya ushirika ikaanguka.
Tukasema, leo.
Leo ndiyo leo.

Saa mbili usiku Yothamu akaingia, akavuta kiti,
akakutilia sukari vijiko viwili na nusu, anavyojua yeye tu,
nawe ukakoroga.

Nilikisikia kile kijiko.

Mama alisema ni kwa kuwa ndiye kifungua mimba.
Shangazi alisema hasira ya mkizi, akaishia hapo.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua la tatu:
Yothamu alikuona, zamani, alfajiri,
ukitoka kwa mke wa Sajini Wekhomo
mumewe akiwa zamu Garissa,
viatu umevishika mkononi.
Usiku ule ulifungua daftari. Nilichungulia.
Uliandika tarehe tu.

Kundu hakutamka neno, jema wala baya.
Alimnunulia dada yake cherehani, akamhamishia kwake Umoja,
akamwamkia Yothamu kwa adabu miaka miwili.
Desemba akatualikia ndugu wote mbuzi, kule Njiru.
Uliuliza, "Yothamu naye ya nini?"
kisha ukamruhusu, maana kukataa
ulikujua nje ya nyumba yako tu.
Walikwenda watano. Walirudi watatu,
mbio, mmoja ana kiatu kimoja.

Sasa kila jioni unasimama getini
ukiitazama Barabara ya Rabai,
labda atapita mtu mwenye habari za Kundu,
na unaliita jina lake kwa sauti
ambayo watoto wa mtaa wameshajifunza kuiiga.
Yupo anayechelea mwana kulia; methali unaijua,
uliwasomea wenzio wote.

Nina ombi moja. Jumamosi nikupeleke Umoja.
Nasambu anashona sare za shule,
anakata kitambaa bila kupima, hakosei.
Usimlilie. Kilio chako cha wana
kimemfikia, ng'ambo ya mtaa mzima,
na hajasikia humo jina lake.
Wala usikasirike, tafadhali, vikombe ni vyake.
Keti tu. Lifungue daftari kwenye tarehe ile,
na umpe yeye kalamu.